IAM: Neno Dogo la Kilatini na Somo Lake kwa Mwalimu wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza: Kilatini na Namakwekwe, mtaa wa mji wetu wa Mbale, vina uhusiano gani? Jibu lake ni la kihistoria. Kilatini kiliingia Uganda mwaka 1879 pamoja na mapadri wa Kikatoliki, na tangu 1895 mapadri wa Mill Hill walifanya kazi yao upande huu wa mashariki. Mwaka 1913 Victor Mukasa Womeraka na Basil Lumu walipewa upadri, Waganda wa kwanza kufikia daraja hiyo, baada ya kukisoma Kilatini miaka mingi. Mpaka miaka ya 1960 Misa ilisomwa kwa lugha hiyo, na vijana wa seminari waliumia vichwa kwa vineno vyake vidogo. Kimoja cha vineno hivyo ni kielezi iam.

Kamusi husema iam maana yake ni "sasa". Lakini Warumi walikuwa na neno jingine la "sasa", yaani nunc, nalo lilitaja wakati uleule wa msemaji. Iam hulinganisha wakati na matazamio: jambo lililongojewa limefika, au lililokuwapo limekoma. Iam adest maana yake "amekwisha fika". Iam veniet ni "atakuja sasa hivi". Non iam puer est ni "yeye si mtoto tena". Likirudiwa, iam huku na iam kule, huwa "mara hivi, mara vile". Jambo likiwa halijatimia, Mrumi aliliacha iam akasema nondum, nasi twasema "bado".

Neno hili halikufa na Roma. Ndilo lililozaa già ya Kiitalia, ya ya Kihispania na já ya Kireno. Na hiyo já ilisikika pwani yetu: Wareno walifika mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakafukuzwa humo mwaka 1698. Walituachia meza, leso, gereza na mvinyo, lakini já waliondoka nayo. Kinyume chake, "sasa" na "bado" tumezipata kwa Kiarabu. Hapa pana funzo. Majina ya vitu husafiri na bidhaa na askari, lakini maneno ya kupimia wakati huingia pale watu walipokaa pamoja, wakaoana na kulea watoto.

Je, Kiswahili kilipungukiwa kwa kuikosa já? La. Wanaisimu wanaeleza kwamba kiambishi -me- cha "amefika" kimetokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza. Mzizi wake ungali hai katika "maliza" yetu, na katika kumala ya Kiganda, ambayo watoto wengi wa Mbale huisikia kila siku. Basi maana ya iam imo ndani ya kitenzi chenyewe, na tukitaka kuikaza twaongeza "kwisha": amekwisha fika.

Ndiyo sababu inatupasa kusahihisha kwa uangalifu. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza huandika "tayari amefika", ilhali asili ya "tayari" ni kuwa tayari: chakula ki tayari, msafiri yu tayari. Tena huandika "nimekuwa nikingoja tangu asubuhi", kwa kuwa Kiingereza kinamdai hivyo. Mrumi alisema iam diu exspecto, kwa wakati uliopo, kama Mswahili asemavyo "nangoja tangu asubuhi". Jambo lililoanza zamani na lingali likiendelea ni la wakati uliopo. Mwanafunzi akionyeshwa kwamba lugha ya Cicero nayo ilikwenda njia hiyo, hatakiona Kiswahili chake kuwa ni Kiingereza kilichokosewa.

Mwishowe, neno hili linatuuliza swali la nchi yetu. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitumiwe katika elimu na utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akakipinga hadharani. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili, lakini matumizi yake yakaachiwa sheria za Bunge. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kukitumia kama lugha rasmi, likashauri kiwe somo la lazima mashuleni. Kila mara imesemwa iam, na kila mara walimu wameingia darasani wakakuta nondum.

Hata hivyo, si vema tukae tukingoja tangazo jingine. Mbale ni mji wa makutano. Mgisu, Mteso, Mganda na mgeni kutoka Kenya hukutana sokoni na kwenye kituo cha mabasi, na Kiswahili huwaunganisha. Hali hiyo haielezwi kwa iam wala kwa nondum, bali kwa iam diu: kinasemwa tangu zamani, na kingali kinasemwa. Kazi ya mwalimu ni kuhakikisha kwamba kinachosemwa sokoni kinaandikwa vizuri darasani.