The Eagle ya Farringdon Road: Baa Iliyoweka Jiko Kaunta

Mwaka 1991 haukuwa mwaka wa kufungua biashara London. Uchumi wa Uingereza ulikuwa umedorora, riba za benki zilikuwa hazishikiki, na mwezi Januari vita vya Ghuba vilikuwa vimeanza. Wenye kazi walizing'ang'ania, wenye fedha walizificha. Katika mwaka huo ndipo Michael Belben na David Eyre, watu waliozijua kazi za mgahawa kwa kuzifanya, walipochukua baa iliyochoka namba 159 Farringdon Road, eneo la Clerkenwell. Baa hiyo ni The Eagle. Isichanganywe na The Eagle ya City Road, ile inayotajwa kwenye wimbo wa watoto wa Kiingereza. Haziko mbali sana, lakini ni nyumba mbili tofauti.

Belben na Eyre walitaka mgahawa. Mgahawa ulidai mtaji ambao hawakuwa nao, wakaangukia baa. Na baa, kwa bahati yao, zilikuwa zimeanza kupatikana. Kwa miaka mingi viwanda vikubwa sita vya bia ndivyo vilivyotengeneza karibu robo tatu ya bia yote ya Uingereza, na vilimiliki maelfu ya baa ambazo ndani yake hukuruhusiwa kuuza bia ya mwingine. Mwaka 1989 serikali iliingilia kati baada ya tume ya ushindani kutoa ripoti yake: kiwanda chenye baa zaidi ya 2,000 kiliamriwa kufungua minyororo ya nusu ya zile zilizozidi idadi hiyo, na mwisho wa kutekeleza ukawekwa Novemba 1992. Viwanda vikaanza kuuza na kukodisha, hasa zile baa za pembeni zilizokuwa haziingizi kitu. Waliotunga amri hiyo walikuwa wanafikiria bei ya bia. Sidhani kama kuna mmoja wao aliyefikiria soseji za Kiitaliano na dengu, lakini hayo ndiyo yaliyotokea.

Ili kuelewa kelele zilizofuata, lazima ujue baa ya mtaa ya Kiingereza ilikuwaje wakati huo. Zulia lenye madoa ya bia. Moshi wa sigara hadi darini. Chakula, kama kilikuwepo, kilitoka kwenye pakiti: krispi, karanga, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka. Mtungi wa mayai ya siki ulikaa kaunta muda mrefu kuliko wahudumu wengine. Mchana ungeweza kupata mkate na kipande cha jibini na achari, au pai iliyopashwa moto mpaka ikakata tamaa. Mteja wa kudumu hakulalamika, kwa kuwa hakuja kula. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyezoea baa ambayo choma yake huanza kunukia kabla hujaegesha gari, atashangaa kwamba taifa zima liliweza kunywa kwa miongo mingi bila kitu cha kutafuna cha maana.

Hata hivyo si kweli kwamba baa ya Kiingereza haikuwahi kulisha watu. George Orwell, katika makala aliyoandika kwenye gazeti la Evening Standard tarehe 9 Februari 1946, alieleza baa ya ndoto yake. Aliipa kaunta ya vitafunwa yenye sandwichi za soseji ya maini, kome, jibini na achari. Na ghorofani, siku sita kwa wiki, chakula kamili cha mchana: nyama ya kuoka, mboga aina mbili na pudingi ya jamu, kwa kiasi cha shilingi tatu. Usiku hakukuwa na mlo. Mwishoni mwa makala Orwell alikiri kwamba baa hiyo haipo. Wanaodai kwamba chakula ndicho kilichoharibu baa wangefanya vizuri kuirudia makala hiyo: katika kumbukumbu na matamanio ya wanywaji, sahani ilikuwa na nafasi yake tangu zamani. Kilichokosekana ni mpishi.

The Eagle ilimleta mpishi na kumweka mbele ya macho ya watu. Jiko halikufichwa nyuma wala chini ya ngazi. Lilijengwa palepale kaunta, bega kwa bega na mabomba ya bia. Anayemimina bia na anayegeuza nyama walikuwa wakipishana katika uchochoro mmoja. Zulia halikuwepo, ilikuwa mbao tupu. Viti na meza vilikuwa vya mitumba, kila kimoja na umbo lake, na sahani hazikufanana. Vitambaa vya meza hapana. Kuweka nafasi hapana. Orodha ya vyakula iliandikwa kwa chaki kwenye ubao juu ya jiko, ikabadilika kadiri soko lilivyoamka na mikono ya mpishi wa zamu. Mteja aliagiza kaunta, akalipa kaunta, akatafuta pa kukaa mwenyewe. Ghorofani pakawekwa ukumbi mdogo wa sanaa.

Mengi ya hayo wageni wa baadaye waliyaona kuwa ni mtindo. Kwa kiasi kikubwa yalikuwa ni ufukara. Asiye na fedha za kujenga jiko la pili hupikia alipo, na asiyeweza kununua viti arobaini vya namna moja hununua arobaini vya namna arobaini. Ila ufukara huo uliacha kitu cha thamani: kwa kuwa hapakuwa na mhudumu wa kukupangia meza, hapakuwa na mtu wa kukuambia kwamba bila kula huruhusiwi kukaa. Aliyetaka bia moja na gazeti alikaa na bia yake. Jambo hili ndilo litakalogombaniwa na wateja wa baa kama hizi kwa miaka yote inayofuata.

Tuje kwenye chakula chenyewe. David Eyre alikulia Msumbiji, na kaakaa lake lilikuwa la Kireno kuliko la Kiingereza. Chakula kilichoipa nyumba hii jina ni sandwichi ya nyama ya ng'ombe iliyoandikwa ubaoni kama Bife Ana, ndugu wa karibu wa ile mikate ya nyama ambayo mtu hununua Maputo au Lisbon akala amesimama. Nyama ya paja la nyuma hukatwa vipande vyembamba, hulazwa kwenye mvinyo mwekundu pamoja na vitunguu, vitunguu saumu, jani la bei, pilipili kavu na mafuta ya zeituni. Kikaango huachwa kipate moto hasa, nyama huingia kwa muda mfupi tu na kutoka. Kisha vile vitunguu vilivyolala kwenye mvinyo humwagwa humohumo, vikachemka mpaka mchuzi ukakaza. Mkate wenye ganda gumu hupasuliwa, ukanyweshwa mchuzi, ukawekewa majani ya saladi, nyama na vitunguu. Hakuna uma wala kisu kinachosaidia. Mvinyo na mafuta hushuka mpaka kwenye kiwiko, na ndiyo maana ni chakula cha baa: kinaliwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika glasi.

Wateja wa mwanzo walikuwa mchanganyiko ambao Clerkenwell peke yake ingeweza kuukusanya. Gazeti la The Guardian lilikuwa na ofisi zake barabara hiyohiyo, namba 119. Kituo kikubwa cha kuchambulia barua cha Mount Pleasant kiko hatua chache kutoka hapo. Kulikuwa na mafundi wa uchapaji waliobaki, na familia za Waitaliano ambazo zilishaweka mizizi katika eneo hilo karne ya 19. Kanisa lao la Mtakatifu Petro lilifunguliwa 1863, na duka la vyakula la Terroni lilianza 1878. Kwa watu hao mafuta ya zeituni na dengu havikuwa ugeni. Ugeni ulikuwa kuviona vinauzwa na mwenye baa.

Waandishi wa habari waliokaa umbali wa kutembea kwa miguu, wenye njaa na wenye kalamu, ni baraka ambayo hakuna tangazo linaloweza kuinunua. Sifa za The Eagle zilitembea haraka. Waliosifu walisifu vitu vichache, na hao wamebaki wakivisifu hadi leo: kwamba unakula chakula cha mpishi wa kweli bila kuvaa koti la heshima, kwamba bei inaeleweka, kwamba sahani inajazwa, kwamba unamwona anayekupikia, na akikosea unamwona anakosea.

Walalamikaji nao walikuwa na hoja, na sipendi namna wanavyodharauliwa katika historia nyingi za nyumba hii. Kelele za sufuria na za watu zilifanya mazungumzo yawe ya kupigiana makelele. Ukitoka unanuka moshi wa jiko mpaka kwenye koti. Meza unashirikiana na usiowajua. Unachokitaka kimefutwa ubaoni dakika mbili kabla ya zamu yako. Mpishi wa siku hiyo akiwa na haraka, huduma ina makali. Na lipo lalamiko zito kuliko yote, la mzee wa mtaa aliyezoea kuingia baa ya jirani akakuta watu wake: kwamba wamekuja wageni wenye mishahara, wamekaa kwenye kona yake, na wanazungumza kuhusu siki. Lalamiko hilo halikuihusu The Eagle peke yake. Clerkenwell yote ilikuwa inabadilika, maghala yakigeuzwa ofisi na nyumba za bei, na baa ilipokea lawama za mtaa mzima.

Waliopita jikoni hapo walitawanyika kama wanafunzi wa chuo kimoja. Margot Henderson alikuwa akipika The Eagle kabla ya yeye na mumewe Fergus kuanza chumba cha chakula cha French House, Soho, mwaka 1992. Sam Clark alipita hapo, na mwaka 1997 yeye na mkewe Samantha wakawa miongoni mwa waanzilishi wa Moro katika Exmouth Market, karibu kabisa. Eyre mwenyewe aliondoka, na mwaka 2001 akafungua Eyre Brothers pamoja na kaka yake. Belben alikuwa miongoni mwa waliofungua Anchor & Hope, upande wa kusini wa mto Thames, mwaka 2003; nayo kwa muda mrefu ilikataa kuweka nafasi, na wateja wakazoea kusubiri kwa bia mkononi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi na, kwa maoni yangu, mengi hayakwenda vizuri. Baa za aina hii zikaitwa gastropabu, na jina likawa bango la biashara. Mwaka 2001 Stagg Inn ya Titley, Herefordshire, ikawa baa ya kwanza ya Uingereza kupata nyota ya Michelin; miaka kumi baadaye Hand & Flowers ya Marlow ikapata mbili. Hizo ni kazi za wapishi hodari na hakuna wa kuwanyima haki yao. Shida ilikuwa kwa mamia ya waliofuata nyuma. Waliiga ubao wa chaki, wakapaka kuta rangi ya kijivu, wakanunua viti visivyofanana kwa bei ya viti vinavyofanana, kisha wakaweka vibao vya “imehifadhiwa” kwenye kila meza. Mwaka 2011 mwongozo wa migahawa wa Good Food Guide uliamua kuacha kulitumia jina hilo kwa sababu lilikuwa limechujuka.

Ukisikiliza wateja wa nyumba hizo za baadaye, utagundua kwamba ni nadra wanaonung'unikia chakula. Wananung'unikia kuingia saa moja jioni kwa ajili ya glasi moja na kuulizwa kama wameweka nafasi. Wananung'unikia kusimama kwenye kaunta iliyobaki na viti vitatu huku meza tupu zikiwasubiri wasiofika. Wananung'unikia gharama ya huduma kuongezwa kwenye bili ya kinywaji walichokichukua wenyewe. Kwa maneno mengine, walaji na wanywaji si maadui kama inavyodaiwa. Ugomvi wa mnywaji ni na yule mwenye nyumba aliyeamua kwamba meza ina faida kuliko mtu. Hapo ndipo ninapowatofautisha waigaji na walioigwa: waliinakili sahani ya The Eagle wakaiacha kaunta yake.

Tarehe 1 Julai 2007 uvutaji wa sigara ulipigwa marufuku ndani ya baa zote za England, na hata wenye baa waliokuwa wakidharau majiko wakaanza kutafuta wapishi, maana mvutaji alihamia nje na mapato yakamfuata. The Eagle haikuwa na la kubadilisha. Pigo lake lilitarajiwa mwaka uliofuata, Desemba 2008, The Guardian lilipoanza kuhamia Kings Place karibu na stesheni ya King's Cross. Wateja walioijenga sifa yake waliondoka mtaani, na baa ikaendelea kujaa.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza afike mapema, hasa mchana. Asikae akingoja mhudumu, hatokuja. Asome ubao, aamue, aende kaunta na alipe palepale. Akikuta meza ina mtu, aombe kukaa, hapo ni kawaida. Bife Ana imo ubaoni tangu mwaka wa kwanza na wengi hawaagizi kingine. Chakula kilichofutwa kimekwisha, na kumbishia mwenye chaki hakujawahi kumsaidia mtu.