Mama wa Kolo na Dawa ya Kila Siku

Kolo ya Kondoa yajulikana kwa michoro ya kale, iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nayo iko kando ya njia kuu ya Dodoma na Arusha, na heroini, iliyoingilia pwani kwetu, hufuata barabara.

Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Baadaye huduma ikafika Itega, Dodoma. Je, mama wa Kolo, mtoto mgongoni, ataendaje zaidi ya kilomita 150 kila siku? Ni lazima ahamie mjini; nani atampangisha?

Wengine humwambia amwachishe mtoto ziwa. Sivyo! Akishaacha heroini na kutulia katika methadoni, madaktari humruhusu kunyonyesha. Na Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili.

Jirani mmoja aliniambia, "Anyang'anywe mtoto." Nikamuuliza, "Wewe utamlea?" Akanyamaza.