Kutoka Kusimama hadi Kuketi: Maumivu ya Kazi katika Historia ya Udaktari wa Meno

Kabla ya karne ya 18, wang'oa meno wa Ulaya walizoea kumketisha mgonjwa sakafuni na kukibana kichwa chake katikati ya magoti, desturi ambayo Mfaransa Pierre Fauchard aliikosoa katika kitabu chake cha mwaka 1728, akitaka mgonjwa aketi kwenye kiti imara chenye mahali pa kuegemeza mikono. Hoja zake kuu zilikuwa usafi, staha na nafuu ya mgonjwa. Mgongo wa tabibu haukupata mtetezi wa namna hiyo, ijapokuwa mganga Mtaliano Bernardino Ramazzini alikwisha kueleza, mwaka 1700, kwamba mkao usio wa kawaida huwaletea mafundi maradhi.

Mgonjwa akaketi, tabibu akasimama. Mwaka 1871 Mmarekani James Morrison alipata hataza ya mashine ya kutobolea meno iliyoendeshwa kwa mguu mithili ya cherehani. Ilifanya kazi upesi kuliko mkono, lakini ilimlazimu daktari ausimamie mguu mmoja huku wa pili ukikanyaga pedali na kiwiliwili kikiwa kimepindia kinywani. Umeme uliupumzisha mguu, si kiuno.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya mwaka 1957, pale mashine ya John Borden, iliyosukumwa kwa hewa na kuzunguka mara 300,000 hivi kwa dakika, ilipoingia sokoni. Kwa kuwa kasi hiyo huunguza jino lisipopozwa kwa maji, palihitajika bomba la kuyafyonza na msaidizi wa kulishika, na kiti cha kulaza mgonjwa kilichoenea miaka hiyo kikamwezesha daktari kuketi kando yake.

Miguu ilipata nafuu. Maumivu yakapanda shingoni na mabegani. Chanzo chake ni mzigo tuli, yaani hali ya misuli kukazwa muda mrefu pasipo mwendo, ambapo mishipa midogo ya damu hubanwa na misuli ikakosa oksijeni ya kutosha. Aliyesimama aliweza walau kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, ilhali aliyeketi na msaidizi wa kumpa kila kifaa hakuwa na sababu ya kujongea. Hata miwani ya kukuzia, iliyokusudiwa kumwepusha daktari na kuinama, humwinamisha zaidi ikiwa lenzi zake hazikuelekezwa chini vya kutosha.