Kukwatua, Si "Kutayarisha Uso"

Orodha ya istilahi za ufundi iliyonifikia hapa Uvira mwezi uliopita imenikosesha usingizi kwa maneno sita: "utayarishaji wa uso rafiki kwa mazingira". Ndivyo kamati yake ilivyoamua kuiita kazi inayofanyiwa aloi ya magnesiamu kabla ya kuchovywa shaba au nikeli. Maneno sita, wala hakuna hata moja linalomwambia fundi afanye nini.

Nianze na "kutayarisha". Chakula hutayarishwa, safari hutayarishwa, hotuba hutayarishwa. Neno linalofaa kila kazi haliwi istilahi ya kazi yoyote. Magnesiamu ikiguswa na hewa hujivika oksidi papo hapo. Ukiichovya ikiwa hivyo, nikeli itaishika oksidi badala ya metali yenyewe, na haitakawia kubanduka. Kazi hapa ni kuvua, na Kiswahili kina kitenzi chake: kukwatua.

Anayekwatua chombo cha shaba hukisugua, kutu na masizi yakatoka, kikang'aa. Anayekwatua kiwanja hupalilia juu juu, majani yakaondoka, ardhi ikabaki wazi. Anayejikwatua hujisafisha na kujipamba, tayari kwa shughuli. Matumizi yote matatu yana wazo moja: ondoa kilicho juu ili kilicho chini kifae kupokea kijacho. Sikilizeni pia mwisho wake, ule -ua wa zibua, bandua, funua na tegua. Sikio la Mswahili husikia kutendua kabla hata ya kuambiwa maana. Kutokana nacho tunapata ukwatuaji, mkwatuaji, kikwatuo. Nani ataniletea uzao kama huo kutoka kwenye "utayarishaji wa uso"?

Na huo "uso" wenyewe ni mzigo wa bure. Uso wa maji na uso wa ardhi siukatai. Lakini hakuna akwatuaye ndani ya kitu, kwa hiyo kitenzi kimekwisha kuubeba.

Niliandika haya yote kwa adabu, nikayapeleka mahali panapohusika. Sikujibiwa. Baadaye nikasikia kwamba msomi mmoja ameliita pendekezo langu "neno la pwani, la bibi na masufuria yake". Jibu langu ni hili: Kiswahili chote cha ng'ambo hii kilipanda kutoka pwani, kikavuka Ziwa Tanganyika na wafanyabiashara wa Ujiji katika karne ya 19. Hatukukirudisha. Na bibi anayesugua sufuria kwa jivu anajua kuhusu metali jambo ambalo kamati nzima imelisahau.

Lililoniudhi zaidi ni "rafiki". Kwa miaka mingi magnesiamu imekwatuliwa kwa asidi ya kromiki, kisha ikaamshwa kwa asidi ya haidrofloriki. Ya kwanza ina kromu ya daraja la sita, inayosababisha saratani. Ya pili hupenya ngozi hadi mfupani. Umoja wa Ulaya umezuia trioksidi ya kromu, inayotengenezea asidi hiyo ya kwanza, kutumika bila kibali maalumu tangu Septemba 2017. Njia mpya hutumia fosfati na chumvi nyingine, na nyingi bado zina floridi. Je, huo ni urafiki? Semeni kilichoondolewa: ukwatuaji bila kromu. Maneno matatu, na kila mtu anajua ni sumu gani iliyotoka na ipi inaweza kuwa imebaki.

Sisi tunaoishi ukingoni mwa Tanganyika hatuwezi kupuuza tofauti hiyo. Ziwa lina kina cha hadi mita 1,470 na mto mmoja tu unaolitoa maji, Lukuga, kule Kalemie. Maji mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua, na chumvi zinabaki. Magnesiamu iliyomo ziwani, ambayo ni nyingi kuliko kalisi, kwa sehemu kubwa imeletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Kinachoingia hukaa, na akina mama wa Kalundu, hapa Uvira, hujaza ndoo zao humo humo.

Na neno lenyewe litakaa hivi katika mpangilio wa kazi, kwa ufupi: toa mafuta, kwatua, amsha, chovya zinki, kisha shaba isiyo na sianidi, kisha nikeli, suuza kila hatua.

Juzi karibu na mto Mulongwe nilimkuta fundi ameshika kifuniko cha msumeno wa moteri, cha magnesiamu. Rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge. Aliigusa kwa ncha ya kisu, ikapasuka, unga mweupe ukamwagika kiganjani mwake. "Mzee, walipaka juu ya uchafu," akaniambia. Nikamwambia hakikukwatuliwa. Akalirudia neno mara moja, akachukua msasa, akamwita kijana wake: "Njoo ukikwatue hiki."

Hakuniuliza maana yake.