Hiari na Uhuru

Wanafunzi wangu wa ualimu walipenda kuniuliza kama mwanadamu hutenda kwa hiari yake au husukumwa tu. Swali hilo ni kongwe. Huko Uingereza, katika karne ya 17, lilipata majibu mawili ambayo sisi wa Mbozi na Tunduma tunaweza kuyapima kwa yaliyotupata wenyewe.

Thomas Hobbes, katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, alisema hofu haiondoi uhuru. Mtu anayetupa mali yake baharini kwa kuogopa chombo kisizame, huitupa kwa hiari, angeweza kukataa. John Locke, mwaka 1690, hakuridhika na hiari peke yake. Alitoa mfano wa mtu aliyebebwa usingizini akaingizwa chumbani alimo mwenzake aliyetamani sana kumwona, kisha mlango ukafungwa kwa nje. Anaamka, anafurahi, anakaa kwa kupenda. Je, yu huru? La, maana hana uwezo wa kutoka.

Turudi kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba watu wasilazimishwe kuingia vijiji vya ujamaa. Mwaka 1968 akaeleza kuwa watu hawaendelezwi, bali hujiendeleza wenyewe. Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kazi hiyo iishe kabla ya mwaka 1976 kwisha.

Baba yangu alihama mwaka 1972 kwa moyo mkunjufu. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, nilipewa daftari la kuorodhesha kaya. Jina lake nililiandika katika safu ya waliohamia kwa hiari. Majirani waliokuja kwa kuogopa nyumba zao zisibomolewe, nao niliwaandika humo humo. Hobbes angenisifu.

Mwaka uliofuata baba aliomba kurudi kwenye mibuni yake ya zamani, akakataliwa. Jioni ile alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, “Mwanangu, katika lile daftari uliandika nini juu yangu?”

Sikumjibu. Leo ningemwambia kuwa niliandika kweli juu ya moyo wake, na uongo juu ya mlango. Ama kuhusu mimi mwenyewe, sina pa kujificha. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, wala hakuna aliyenishika mkono.