Nyumba Kubwa

Bibi yangu wa Mbagala alikuwa halijui neno hekalu. Jioni moja televisheni ilionyesha Karnak kule Misri, nguzo nene kama mibuyu, watalii wakipita katikati shingo juu. Mtangazaji akasema "hekalu la Amun". Bibi akauliza hekalu ndiyo nini.

"Nyumba ya kumwabudia mungu wao, bibi."

"Watu wanaingia wanasali?"

Nikamwambia hapana, ndani kabisa ni makuhani tu. Alfajiri walivunja muhuri wa mlango, wakaiosha sanamu ya mungu, wakaivisha nguo, wakaipaka mafuta, wakaiandalia mikate, nyama na bia.

"Chakula anakula nani?"

"Makuhani wenyewe, baadaye."

Bibi akacheka, akakaza kanga. "Basi si mzimuni hapo, mjukuu wangu?"

Nimelala na neno hilo siku nyingi. Mzimu katika Kiswahili cha zamani si roho ya marehemu peke yake, ni mahali pia: mbuyu, pango, kaburi, popote panapopelekwa chetezo na kitambaa cheupe. Wazaramo walisafiri mpaka milima ya Uluguru, kwenye pango la Kolelo, kuomba mvua. Kule Kunduchi, kwenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, tunasema magofu. Mtu akipaendea na ubani wake kimyakimya, pamegeuka mzimuni saa hiyohiyo.

Hekalu limetoka mbali zaidi. Waarabu wana haykal, nyuma yao Waakadi walikuwa na ekallu, na nyuma kabisa Wasumeri walisema e-gal, yaani nyumba kubwa. Wamisri wenyewe waliita hut-netjer, nyumba ya mungu. Nyumba kubwa kwao ilikuwa per-aa, jina la ikulu lililokuja kumhamia mfalme. Wakristo wetu wanamwita Farao, Waislamu Firauni, na mtaani firauni ni tusi zito. (Ukisema nyumba kubwa hapa Mbagala, watu wanafikiria mke wa ndoa, kisha wanaanza kuulizia ile ndogo.)

Kwenye kitabu ningeandika hekalu bila kusita, maana msomaji ana la Suleimani kichwani na ya Wahindu pale Kisutu. Ila neno hilo linamletea waumini waliojaa ndani, na Karnak haikuwa hivyo. Umma ulisubiri sikukuu, Amun atolewe ndani ya mashua yake mabegani mwa makuhani, naye kafunikwa. Hata jina lake maana yake ni aliyefichika. Mzimuni kuna mwenyewe anayekaa, anayelishwa, anayekasirika akisahauliwa. Kasoro ya neno hilo la bibi ni kwamba Amun hakuwa marehemu wa mtu. Osiris sawa, yeye aliuawa, mizimu ingempokea.

Jioni ile bibi alikuwa bado anatazama. "Na siku hizi," akauliza, "nani anampelekea chakula?"

Kwenye kioo watalii walikuwa wanapiga picha.