Asiyepigiwa Upatu

Timu ya shule inayotoka Sericho kwenda kucheza Isiolo mjini huanza kufungwa ikiwa bado njiani. Gari limepita Garbatulla, vumbi limeingia mpaka ndani ya soksi, na wenyeji wakiwaona vijana wanashuka na viatu mkononi, washakisia idadi ya mabao. Na jina lao wanalo tayari: vibonde.

Jina hilo ndilo linalonisumbua. Kwa Kiingereza timu ya namna hii huitwa underdog, neno lililotoka kwenye mapigano ya mbwa ya karne ya 19: mbwa aliyelaliwa na mwenzake, anayeelekea kushindwa. Wafasiri wetu wamelipa visawe vingi. Wapo wanaosema mnyonge, wapo wanaosema dhaifu, na kurasa za michezo zinapenda kibonde. Mnyonge ni hali ya mtu, hana nguvu wala mtetezi. Ndiyo maana tukasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kibonde naye ni rekodi: kafungwa jana, kafungwa juzi. Yote yanamweleza mchezaji mwenyewe. Wale walioketi pembeni wakitabiri hawamo, ilhali bila wao hakuna underdog. Kuna timu mbili tu na mpira.

Watangazaji wetu wanao msemo mzuri kwa upande wa pili. Timu kubwa "inapigiwa upatu" kutwaa kombe. Upatu huo si ule wa akina mama kuchangishana fedha, ambao huku Kenya tunauita chama. Ni lile bamba la shaba linalogongwa ngomani. Basi aliye kinyume chake ni asiyepigiwa upatu. Msemo hausemi kwamba ana miguu mibovu. Unasema kwamba kelele haziko kwake.

Sericho yenyewe imeshaona kelele zikihama. Wachunga ngamia wa huku walikuwa wakiyajua kwa miongo mingi mawe mazito yaliyolala nyikani, na watoto walikuwa wakiyapanda kwa mchezo. Mwaka 2016 ikabainika kwamba ni vimondo vya chuma vilivyochanganyika na fuwele za rangi ya asali, na leo vipande vyake vinauzwa ng'ambo kwa jina la Sericho. Jiwe ni lile lile. Ila jiwe halisikii upatu; mchezaji anausikia, na hapo ndipo saikolojia inapoingia.

Somo la kale linasema matarajio ya wengine humjenga au humbomoa mtu. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha utafiti wao wa shule moja ya Marekani: walimu waliambiwa kwamba watoto fulani, waliochaguliwa kwa kubahatisha tu, wangechanua mwaka ule, na baadhi yao wakachanua kweli. Kwa hesabu hiyo, timu isiyotarajiwa chochote ingepaswa kufa mapema. Lakini mwaka 2020 mtafiti Samir Nurmohamed alionyesha upande mwingine. Mtu anayeamini kwamba wenzake hawamtarajii kufaulu anaweza kufanya vizuri zaidi, kwa sababu anataka kuwaumbua. Kuna sharti: awe na shaka na ujuzi wa hao wanaomhukumu. Akiwaona ni wajuzi kweli, hamu ya kuwaumbua inapungua.

Kasarani, Agosti 2025, tuliona mambo haya waziwazi. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, ilikuwa haijawahi kucheza CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Iliingia kwa kuwa mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda. Ikapangwa na Morocco na Kongo ya Kinshasa, kila mmoja wakati huo akiwa bingwa mara mbili, pamoja na Angola na Zambia. Kundi la kifo, tukaambiwa. Kenya ikaifunga Kongo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, kisha ikakutana na Morocco. Ryan Ogam akaifungia Kenya kabla ya mapumziko, na muda si muda mwenzake Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili kikachezwa na watu kumi. Sidhani kama kuna aliyekuwa uwanjani aliyekaa kitako. Ikaisha 1-0, na Zambia nayo ikalala kwa bao lile lile moja.

Kisha upatu ukahama. Kwenye robo fainali dhidi ya Madagaska, Kenya ndiyo iliyotajwa kila kona, na Rais Ruto akaahidi kila mchezaji shilingi milioni moja na nyumba ya vyumba viwili wakishinda. Mchezo ukaisha 1-1, Madagaska ikashinda kwa penalti. Penalti haithibitishi nadharia ya mtu yeyote, na Madagaska haikuwa timu ya mchezo: ilifika fainali. Hata hivyo mpigaji anayeliendea doa la penalti huku akiifikiria nyumba amebeba mzigo ambao vijana wa mechi ya Kongo hawakuubeba.

Tazama pia methali zetu. Mdharau mwiba guu huota tende: anayeonywa ni mwenye mguu. Mwiba hauambiwi kitu. Tuna maonyo mengi kwa wakubwa na maneno machache ya kumpa mdogo kabla ya kipenga. Ndiyo maana kisawe kina uzito. Mwalimu wa michezo akiwaambia vijana wake "sisi ni wanyonge", amewakabidhi maelezo ya kushindwa kabla hawajacheza. Akisema "hatupigiwi upatu", swali linalofuata linakuja lenyewe: nani anayeupiga, na lini alituona tukicheza? Mara nyingi jibu ni kwamba hajatuona kamwe, na kwa utafiti wa Nurmohamed huyo ndiye mtabiri anayefaa kuumbuliwa. Na kama alituona, mechi ya mwaka jana, tukifungwa mabao mawili ya kona, basi huyo anajua anachosema. Dawa yake ni kurudi uwanjani jua likipungua, tukafanye mazoezi ya kulinda kona.